Mwanga Uliozimwa na Mgeni Rasmi

Mwalimu Hamdiya aliporudi kwao Madungu, kisiwani Pemba, na digrii yake ya pili kutoka bara, mzigo aliouhangaikia kuliko yote ulikuwa mrija wa kioo, mnene kama mkono wa mtu mzima. Aliuviringisha kwenye mashuka na kuupakata ndani ya boti, kutoka Dar mpaka Mkoani, kama aliyebeba mtoto mchanga. Wenziwe waliosoma bara walirudi na mafriji na makochi. Yeye karudi na kioo, na pampu kuukuu ambayo chuo kilikuwa kinataka kuitupa.

Mama yake, Bi Rumaitha, aliufungua ule mrija ukumbini, akautazama huku na huku.

"Hichi cha kutilia nini?"

"Hakitiliwi kitu, mama. Kinatolewa."

"Kinatolewa nini?"

"Hewa."

Bi Rumaitha aliufunika tena kwa shuka, taratibu, kama mtu anayemstiri maiti. "Muda wote ule bara," alisema, "umekwenda kujifunza kutoa kitu ambacho Mungu katutilia bure."

Hamdiya alicheka, lakini usiku ule aliyarudia maneno yale kitandani. Kwa sababu mama yake, bila ya kujua, alikuwa amelenga penyewe. Kazi yote aliyoisomea ilikuwa ni ile: kuvuta hewa mpaka ibaki kidogo, kupitisha umeme kati ya vibati viwili vilivyotazamana ndani ya mrija, kuweka sumaku ubavuni ili nguvu yake ikatishe njia ya umeme, halafu kutazama elektroni zinafanya nini. Kwake yeye hapakuwa na kitu kizuri zaidi duniani. Kumweleza mtu mwengine kwa nini, hilo lilikuwa jambo jengine.

Waliomwelewa walikuwa wasichana wa Skuli ya Kilimambuni, skuli aliyopangiwa. Aliwaeleza hivi.

"Mchezo wa ng'ombe mnaujua?"

Darasa zima liliguna. Nani Pemba asiyeujua mchezo wa ng'ombe?

"Basi elektroni ni ng'ombe. Kibati hichi ndiko anakofunguliwa, kile ndiko anakokimbilia. Atomi za gesi ni watu walioingia uwanjani. Ng'ombe akipata mbio za kutosha akampiga mtu pembe, kofia inamruka yule mtu. Na kofia ile ikiruka, inageuka ng'ombe wa pili."

Wasichana walicheka mpaka wengine wakalaza vichwa juu ya madeski. Khairat, msichana wa Kojani aliyekuwa akilala dahalia ya skuli, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kofia inageuka ng'ombe?"

"Kwenye gesi, ndiyo. Na wa pili anaangusha kofia nyengine, wa tatu nyengine, mpaka uwanja mzima ni ng'ombe watupu. Hapo ndipo gesi inapowaka. Sasa watoeni watu, wabaki wachache. Ng'ombe anakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja, hajamgusa mtu. Giza. Mimi naleta sumaku. Sumaku ni yule kijana mwenye kitambaa. Ng'ombe anataka kwenda mbele, kitambaa kinampinda pembeni, anazunguka, anayumba, na kwa kuzunguka huko anakutana na watu. Kofia zinaruka. Mwanga."

"Na uwanja ukijaa watu?" Khairat aliuliza.

"Ukijaa pomoni, ng'ombe hana nafasi ya kukimbia. Kila akianza mbio kamkuta mtu. Ukimwongezea na kitambaa, hata zile mbio chache zinampotea. Anasukumana na watu tu, kofia haianguki. Hapo sumaku haiwashi. Hapo inazima."

Hilo la mwisho alilisema haraka haraka, maana kengele ilikuwa imeshalia.

Mwaka ule ikaja Wiki ya Sayansi, na pamoja nayo akaja mratibu wake, Bwana Usama, kutoka Unguja mjini. Alikuwa kijana mpana, mwenye suti ya buluu na simu mbili, na aliingia kila chumba kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuikodi. Alipita kwenye meza za maonesho akiguna. Skuli moja ilileta sabuni ya mwani. Nyengine ilileta jiko la vumbi la mbao, na nyengine mlima wa udongo uliotapika povu jekundu.

"Povu, sabuni, moshi," alisema Bwana Usama. "Mheshimiwa, mgeni rasmi wetu, hawezi kuja mpaka Pemba kutazama povu. Nataka tukio."

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Turki, mtu wa makamo aliyeogopa wageni kuliko alivyoogopa paa la skuli lililokuwa linavuja, alimpeleka maabara kwa Hamdiya. Pampu ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi. Hamdiya alifungulia umeme. Mrija ukabaki kimya, mweusi. Akasogeza sumaku. Pale pale ndani ya kioo ukatanda mwanga laini, wa zambarau iliyochanganyika na waridi, umepinda upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo dirishani.

Bwana Usama alisahau simu zake zote mbili. "Rudisha." Hamdiya akaiondoa sumaku, giza. "Lete." Mwanga. "Sumaku ataishika Mheshimiwa mwenyewe!" alipiga kelele. "Pana giza, anakuja Mheshimiwa, panakuwa na mwanga! Mwalimu, wewe umesomea siasa?"

"Nimesomea gesi."

"Ni hilo hilo." Halafu akakunja uso, akausogelea mrija. "Lakini rangi hii. Hakuna rangi nyengine? Hii ya zambarau, hapa Pemba, inaweza kueleweka vibaya."

"Ndiyo rangi ya hewa, Bwana Usama."

"Hewa ya wapi?"

"Ya humu humu chumbani. Haijajiunga na chama."

Mwalimu Turki alikohoa kikohozi kirefu. Bwana Usama alifikiri, akaamua kwamba itatangazwa kuwa ni waridi, na akatoka.

Ingawa aliridhika, hakutulia. Alikuwa na lake moja kuhusu Wapemba, alilokuja nalo kutoka mjini, kwamba wakiona kitu kinawaka bila ya kiberiti watasema ni jini. Hakumwuliza mtu. Aliagiza gari lenye vipaza sauti lipite Chake Chake yote, Madungu mpaka Machomane, likitangaza: "Wananchi wanaombwa watulie. Ndani ya mrija wa Skuli ya Kilimambuni hamna jini. Tunarudia, hamna jini."

Mpaka dakika ile, Chake Chake nzima hapakuwa na mtu aliyefikiria jini. Mzee Hija, muuza kahawa, alisimama na birika mkononi gari likipita.

"Yakhe, kumbe mulikuwa na jini?"

"Wanasema hamna," alijibu mteja mmoja.

"Mie nna mrija wa maji uani kwangu. Mbona hawajapita kuntangazia kama hamna jini?"

Hoja ile iliwaelemea waliokuwapo. Kufika adhuhuri, jini alikuwa ameshapata jina, kabila na sababu ya kuja. Kufika alasiri, watu wa Kiuyu, huko kaskazini, walikuwa wanapiga simu kuuliza usafiri. Bi Rumaitha alifuatwa nyumbani na majirani waliotaka kujua kama ni kweli binti yake alimleta jini huyo kwenye boti akiwa kwenye mashuka. "Kwenye mashuka ndiyo," alisema Bi Rumaitha, ambaye hakupenda kusema uongo. Basi yakawa yamethibitika.

Ndiyo maana siku yenyewe, uwanja wa skuli ulijaa kuliko siku ya Idi. Watu walipanda ukuta, wakapanda mifenesi, wakasimama juu ya paa la choo. Mrija uliwekwa mezani, chini ya turubai, na nyuma yake bango kubwa: MHESHIMIWA ANALETA MWANGA. Hamdiya aliwasha pampu alfajiri, maana ilihitaji muda mrefu kuifikisha gesi kwenye uchache alioutaka. Ilinguruma, dug dug dug, na sindano ya kipimo ikawa inateremka vizuri.

Mheshimiwa Jaribu alifika na msafara wake. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa macho, mzaliwa wa Kiuyu aliyepanda vyeo mpaka vyeo vyenyewe vikawa virefu kuliko hotuba zake. Ikasomwa dua, ikasomwa Qurani, halafu Bwana Usama akasimama kusoma risala. Alianza na shukurani. Alipofika kwenye "kwa namna ya pekee", pampu ikamkera. Dug dug dug. Akapandisha sauti. Dug dug dug. Akamkonyeza kijana wa vipaza sauti, na yule kijana, kwa utiifu mkubwa, akachomoa plagi.

Hamdiya, aliyekuwa amekaa na walimu nyuma, aliusikia ukimya ule kama mtu anavyousikia mlio. Alinyanyuka. Mwalimu Turki akamshika baibui. "Kaa, mwalimu. Wanasoma risala."

"Pampu imezimwa. Hewa inarudi."

"Si hewa tu?"

"Mwalimu, hewa ndiyo kila kitu!"

"Kaa, nakuomba. Nna watoto."

Risala ilikuwa ndefu. Ilipita kwenye karafuu, ikapita kwenye uchumi wa buluu, ikazunguka maendeleo ya wanawake ikarudi kwenye karafuu. Muda wote huo hewa ya Kilimambuni ilikuwa inapenya taratibu kwenye viungo vya mrija, inaingia bila ya haraka, kama wageni wanaojua kwamba chakula bado.

Hamdiya alipoitwa mezani, hakuhitaji kutazama kipimo. Alifungulia umeme, na mrija ukawaka wenyewe. Waridi, zambarau, bila ya sumaku. Umati ukasema "Aaah!" Bwana Usama akapiga makofi kwa furaha: mwanga umekuja hata kabla ya kuitwa!

Hamdiya aliganda. Uwanja umeshajaa watu, aliwaza. Sasa sumaku itazima.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, "naomba tusubiri kidogo, tuirudishe pampu. Ukisogeza sumaku sasa hivi..."

"Usimkatize mgeni rasmi," Bwana Usama alimnong'oneza, huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. Akaichukua sumaku kwenye kitambaa cha mahameli na kumkabidhi Mheshimiwa kwa mikono miwili. "Na sasa, wananchi, Mheshimiwa anatuletea mwanga!"

Mheshimiwa Jaribu aliisogeza sumaku ubavuni mwa mrija.

Mwanga ukazimika.

Watoto wa juu ya mifenesi waliinama kutazama vizuri. Mheshimiwa aliitazama sumaku, akautazama mrija, akaurudisha mkono nyuma. Mwanga ukawaka. Akaisogeza tena. Ukazimika. Kutoka juu ya paa la choo, mtu mmoja alisema kwa masikitiko ya kweli, "Maskini, kamuua jini."

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka kwa kicheko. Bango likaanguka, au likaangushwa. Kabla msafara haujafika barabara kuu, video ilikuwa imeshafika Muscat. Kuna aliyeitia muziki wa taarabu, na kuna aliyeandika juu yake maneno matatu tu: Mheshimiwa azima mwanga.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Mwalimu Turki alipandwa na presha na akasema, kwa kila aliyemtembelea, kwamba yeye hajapata kuingia maabara. Kamati ya Wiki ya Sayansi ilikutana bila ya Hamdiya, kisha ikamwita. Walikaa mstari mmoja, nyuso zimevimba. Bwana Usama ndiye aliyesema zaidi.

"Swali ni moja, mwalimu. Kwa nini kifaa chako kilimkataa Mheshimiwa?"

"Hakikumkataa. Kilifanya sawasawa na inavyotakiwa. Gesi ikiwa nyingi, sumaku inazima. Plagi ilichomolewa, gesi ikawa nyingi."

"Nani aliyechomoa?"

Hamdiya alimtazama. Wajumbe wengine walimtazama. Bwana Usama alitazama simu yake moja, halafu ya pili.

"Hatukuja hapa kutafuta mchawi," alisema. "Hoja ni kwamba unavyosema kilifanya sawasawa, una maana sayansi inaruhusu kumzimia mwanga mgeni rasmi?"

"Sayansi haimjui mgeni rasmi."

"Basi ingefahamishwa!"

Wakaamua kwamba mrija ufungiwe stoo mpaka Mheshimiwa atakapopoa hasira. Hamdiya aliuliza nani alimsikia Mheshimiwa akikasirika. Hakuna aliyemsikia. Lakini wote walikubaliana kwamba mtu wa cheo kile hawezi kuwa hakukasirika, na kwamba kama amesahau kukasirika, ni wajibu wao kumkumbusha.

Alirudi nyumbani akajitupa juu ya kitanda na baibui lake. Bi Rumaitha alikuja na uji, akakaa pembeni yake.

"Mwanangu, lile dude liliwaka au halikuwaka?"

"Liliwaka, mama. Halafu likazimika. Yote mawili sawa."

"Yote mawili sawa?"

"Yote mawili."

Bi Rumaitha alikoroga uji. "Mie walinambia umekosea. Nikawaambia binti yangu hajapata kukosea hesabu tangu yu mdogo, labda mukosee nyinyi." Hilo lilimliza Hamdiya kuliko kamati yote.

Asubuhi moja ya Jumamosi, skuli ikiwa tupu, Hamdiya alikuwa maabara akipanga chupa. Mlango ukagongwa. Alisimama mtu wa kanzu na kofia ya kiua, miguuni makubadhi, hana walinzi wala suti. Ilimchukua muda kumtambua.

"Asalaam alaykum, mwalimu."

"Wa alaykum salaam. Mheshimiwa! Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja harusini Kiuyu, nikasema nipite." Alitazama nyuma yake, kama mwanafunzi mtoro. "Nataka kukuuliza. Nilizimaje?"

Hamdiya aliweka chupa chini. "Mheshimiwa, wamesema umekasirika."

"Nani kasema? Mie tangu siku ile silali. Nilifanya mtihani wa fizikia hapa hapa Pemba, nikafaulu vizuri, na sumaku sijapata kuiona kwa macho. Tulikuwa tunaichora. Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuishika, na nikafanya kitu kikatokea. Kila nikimwuliza mtu pale ofisini nilizimaje, ananambia, Mheshimiwa hukuzima. Nilizima! Niliona kwa macho yangu!"

Hamdiya alichukua ufunguo wa stoo. Wakautoa mrija pamoja, Mheshimiwa ameshika upande mmoja. Pampu ikanguruma. Na pale, kwenye meza yenye madoa ya asidi, alimweleza habari ya ng'ombe na kofia. Mheshimiwa hakucheka pahala wasichana walipocheka. Alikuwa anafuata kwa makini, midomo inatingishika. Walipima gesi ikiwa nyingi: sumaku ikazima. Wakasubiri, wakala mihogo aliyoileta Hamdiya, sindano ikateremka. Giza likaingia lenyewe, na sumaku ikawasha. Mheshimiwa aliwasha akazima, akawasha akazima, mpaka adhana ya adhuhuri, na harusi ya Kiuyu ikafungwa bila yake.

Habari hii ilivuja, kama ilivyokuwa lazima ivuje. Ilipothibitika kwamba Mheshimiwa alifurahi, kamati ilikutana kwa dharura. Ilibainika kwamba kuzimika kwa mwanga kulipangwa tangu mwanzo. Bwana Usama alieleza kwenye redio jinsi alivyofikiri sana kabla ya kuamua kuchomoa plagi ile, na kwamba uamuzi ulikuwa mgumu. Mwalimu Turki alianza kuwapitisha wageni maabara mwenyewe, presha imeshuka.

Na mwaka uliofuata, kwenye Wiki ya Sayansi, kila skuli ilikuja imejitayarisha. Mheshimiwa Jaribu aligusishwa taa ya nguvu za jua; ikazimika, makofi. Akapelekwa kwenye jiko la vumbi la mbao. Likazimika kwa moshi mkubwa, makofi na vigelegele. Akaoneshwa feni iliyotengenezwa na wanafunzi, na alipoisogelea tu, kabla hajaigusa, ikasimama. Bwana Usama alikuwa anatembea nyuma yake akifuta jasho la furaha. Meza zilizobaki zilikuwa nyingi, na zote zinawaka, zinasubiri.

Hamdiya hakuwako uwanjani. Alikuwa maabara na wasichana wake, pampu inanguruma. Khairat alikuwa amemjia na wazo. Kama gesi ikiwa kidogo sumaku inawasha, na ikiwa nyingi sumaku inazima, alisema, basi pahala fulani katikati pana uchache ambao sumaku haifanyi kitu, haiwashi wala haizimi. Hamdiya alijua kwamba wako waliokwisha kulipima jambo hilo, mbali huko, kwa vyombo vya maana. Hakumwambia. Alimpa kiti cha mbele ya kipimo, na tangu asubuhi walikuwa wanaifungua hewa kidogo kidogo na kuifunga tena, wasichana wakipokezana sumaku, wakigombana nani kaona mwanga umetikisika na nani kajitia kuona.

Mlango ulifunguka taratibu, Mheshimiwa Jaribu akaingia, suti yake imejaa vumbi la mbao. Wasichana wakanyanyuka wote.

"Kaeni, kaeni. Mumefika wapi?"

"Tunapatafuta pahala ambapo haifanyi kitu," alisema Hamdiya.

"Wanangu, hata mie," alisema Mheshimiwa. Akavua koti, akalitundika msumarini, akakaa kwenye benchi la nyuma baina ya wasichana wawili waliojibana kumpa nafasi. Nje, kipaza sauti kilianza kumtafuta. Sauti ya Bwana Usama ilimwomba mgeni rasmi, popote alipo, afike kwenye meza ya incubeta ya kuangulia mayai.

Mheshimiwa alinyoosha mkono kuichukua sumaku.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Khairat bila ya kutoa macho kwenye sindano. "Sasa ni zamu ya Raniya. Baada yake wewe."

"Haya," alisema Mheshimiwa, akarudisha mkono mapajani, akasubiri.